Urefu Ulitangulia, Mchezo Ukafuata

Leo nina jina moja tu mezani, nalo unalijua: Hasheem Thabeet. Ukitaja mpira wa kikapu nchini Tanzania, jina hili halikai mbali. Na likishatajwa, baada ya sifa mbili tatu, hakosi mtu wa kusema, "Lakini si alishindwa kule Marekani?" Maneno hayo nimeyasikia vijiweni na ndani ya daladala, na yananiuma. Yananiuma kwa sababu wengi wanaoyasema wanaujua usiku mmoja tu wa maisha ya kijana huyu, na usiku huo ndio wameufanya mizani ya kumpimia miaka yake yote.

Usiku wenyewe ni wa tarehe 25 Juni 2009, usiku wa drafti, ambapo timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu. New York ilikuwa jioni. Kwetu Dar es Salaam ilikuwa imeshapita saa nane za usiku, watu wamelala. Kamishna wa NBA wakati ule, David Stern, alipanda jukwaani Madison Square Garden na karatasi mkononi. Jina la kwanza alilolisoma lilikuwa Blake Griffin, aliyechukuliwa na Los Angeles Clippers. Jina la pili lilikuwa Hasheem Thabeet, kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut, anakwenda Memphis Grizzlies. Mtoto wa Dar es Salaam alisimama, mita 2 na sentimita 21 za mwili wake, akaenda kupeana mkono na kamishna. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Sasa sikiliza majina yaliyosomwa baada ya lake. Wa tatu, James Harden. Wa nne, Tyreke Evans. Wa tano, Ricky Rubio wa Hispania. Wa saba, Stephen Curry. Huyo wa saba alikuja kuubadilisha mchezo mzima wa kikapu duniani. Kwa hiyo kila Mmarekani anayeiangalia orodha ile leo anapiga kelele: iweje Curry awe wa saba, na yule Mtanzania awe wa pili? Mimi nasema mzigo huo si wa Hasheem. Hakujichagua mwenyewe. Walimchagua watu wenye ofisi, wenye wapelelezi wa vipaji, wenye video za michezo yake yote. Lakini jina linalobaki kwenye lawama ni la mchezaji.

Tuanzie mwanzo basi. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, akafariki mtoto angali mdogo, na mama akabaki na familia. Kikapu hakuzaliwa nacho. Mpira wa kikapu aliushika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15. Naomba ukumbuke namba hiyo, kwa sababu jioni hii nitairudia.

Miaka 15! Mlinganishe na wale aliokaa nao kwenye drafti. Baba yake Stephen Curry, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16. Mtoto alikulia kwenye viwanja vile, akirusha mpira kabla ya mechi huku baba akipasha misuli. Baba yake Blake Griffin alikuwa kocha wa kikapu shuleni. Na Ricky Rubio, huyu nakuomba umtazame vizuri: alicheza mechi yake ya kwanza kwenye ligi kuu ya Hispania, ligi ya watu wazima wanaolipwa mshahara, akiwa na miaka 14. Yaani umri ambao Rubio alikuwa ameshakuwa mchezaji wa kulipwa, Hasheem alikuwa hajajua namna ya kuudundisha mpira.

Na alipoujua, aliujulia wapi? Anayezijua shule zetu na mitaa yetu miaka ile anaijua picha: uwanja wa saruji ulio wazi, jua la saa saba, pete isiyo na wavu, mipira miwili kwa vijana ishirini. Dar es Salaam imekuwa na watu wanaoupenda mchezo huu kwa moyo wote, timu kama Pazi na Vijana na Savio zimebeba mchezo kwa miaka mingi kwa michango ya wachezaji wenyewe. Lakini mapenzi peke yake hayamfundishi mtoto mrefu namna ya kugeuza kiwiko, kuupokea mpira kwa mikono miwili huku mtu amemwegemea mgongoni, na kuzunguka kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa umekita ardhini. Hayo yanatakiwa yaingie mwilini mapema, kama lafudhi ya lugha inavyoingia kinywani mwa mtoto. Ukiyaanza ukubwani utayasema, ila itaonekana kwamba umejifunza.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu ya jioni hii. Katika maisha ya Hasheem Thabeet, urefu ulitangulia na mchezo ukafuata nyuma, ukikimbia kuufikia. Kila mlango uliomfungukia ulifunguliwa na urefu. Na kila alipoingia ndani alikuta anadaiwa kitu ambacho muda wa kukijenga hakuwa amepewa.

Akavuka kwenda Marekani angali kijana wa shule, akamalizia sekondari mjini Houston, Texas, katika shule iitwayo Cypress Christian. Mwaka 2006 akaingia Connecticut, chuo kilichoko mji mdogo wa Storrs, theluji tupu wakati wa baridi. Kocha wake alikuwa Jim Calhoun, mtu mkali, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye tayari alikuwa ameshatwaa ubingwa wa vyuo mara mbili. Fikiria, msikilizaji: miaka minne tu tangu aushike mpira, tayari yuko chini ya mmoja wa makocha wakubwa kabisa wa vyuo vya Marekani.

Na pale Connecticut, wacha tuseme ukweli wote, alitamba. Katika misimu mitatu alipangua mitupo 417. Katika historia ya chuo kile, aliyemzidi ni Emeka Okafor peke yake, mwenye 441. Mwaka 2008 na mwaka 2009 alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, ambayo enzi zile ilikuwa moto wa kuotea mbali. Januari 2009 dhidi ya Providence alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kupangua mitupo 10 katika mechi moja. Mitupo 10! Wapinzani walikuwa wakifika karibu na kikapu, wakimwona, wanageuza njia. Hiyo haiandikwi kwenye takwimu, lakini makocha huihesabu. Msimu ule Connecticut ilifika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo kule Detroit, ikatolewa na Michigan State.

Lakini kuna mechi moja ambayo mimi huirudia kila ninapotaka kuielewa safari yake. Tarehe 16 Februari 2009. Ni siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 22. Connecticut ni timu namba moja nchini kote, iko nyumbani, mjini Hartford, inacheza na Pittsburgh. Anayemkabili ni DeJuan Blair, kijana mfupi kwake kwa zaidi ya inchi saba, lakini mpana, mzito, mwenye nyonga zilizokaa chini. Jioni ile Blair alifunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23. Ilifika wakati wakigombea mpira, Blair akamnyanyua Hasheem begani na kumpindua hadi sakafuni. Pittsburgh ikashinda.

Nini kilitokea pale? Blair hakumshinda kwa urefu, maana hana. Alimshinda kwa elimu ya mwili: wapi pa kuweka mguu, wakati gani wa kushusha kiuno, namna ya kumsukuma mtu bila mwamuzi kupuliza filimbi. Elimu hiyo Blair aliipata utotoni kwenye viwanja vya Pittsburgh. Msimu ulipoisha, wote wawili walitangazwa wachezaji bora wa Big East kwa pamoja. Halafu ikaja drafti. Hasheem akachukuliwa wa pili. Blair, kwa hofu ya magoti yake, akachukuliwa wa 37 na San Antonio. Urefu ukatangulia tena.

Memphis sasa. Msikilizaji, kuna jambo la kiufundi ambalo watu hawalitaji, na mimi naona lina uzito mkubwa kuliko maneno yote ya kejeli. Kwenye vyuo vya Marekani, mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote anaotaka. Hasheem alijenga jina lake hapo: anasimama katikati, mikono juu, anasubiri. NBA hairuhusu hivyo. Tangu msimu wa 2001-02 kuna sheria kwamba mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kukaa ndani ya lile eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde 3. Akizidisha, wapinzani wanapewa mtupo huru, na mpira unabaki kuwa wao. Kwa hiyo kijana aliyefundishwa kusubiri, ghafla anatakiwa aingie, atoke, aingie tena, amfuate mtu hadi mbali na kikapu, arudi mbio. Ni kazi ya miguu. Na miguu ndiyo iliyochelewa kuanza.

Pili, nafasi yenyewe haikuwepo. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katikati, na majira yale yale ya kiangazi wakamleta Zach Randolph. Wawili hao wakaja kuwa nguzo ya timu kwa miaka. Kijana anayehitaji dakika za kukosea na kujirekebisha, alipata dakika 13 kwa mechi. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini iliyokuwa Bismarck, North Dakota. Hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa ligi ile. Vyombo vya habari vya Marekani vikalishika jambo hilo, na tangu siku hiyo havikuliachia. Huyo ni kijana aliyekuwa ametimiza miaka 23 siku chache tu kabla.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Februari 2011 akahamishiwa Houston Rockets, timu iliyokuwa imempoteza mtu wake wa katikati, Yao Ming, kwa majeraha, lakini hata huko alikaa benchi. Machi 2012 akapelekwa Portland. Katika mwaka mzima na zaidi hapo katikati alicheza mechi chache mno; mwili unakaa, mikono inasahau.

Julai 2012 akasaini Oklahoma City Thunder, na hapo ningependa tutulie kidogo, maana wanaosema alishindwa huwa wanaupita msimu huu bila kuutazama. Thunder ile ilikuwa ya Kevin Durant na Russell Westbrook, ilikuwa imetoka kucheza fainali ya NBA. Ilishinda mechi 60 msimu ule wa 2012-13. Na Hasheem alicheza mechi 66 kati ya 82. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa kuingia, kumpumzisha mtu wa katikati wa kwanza, Kendrick Perkins, kuweka kizuizi ili Durant apate nafasi, kutumia faulo zake pale zinapohitajika, na kutoka. Hiyo ni kazi. Ligi nzima ina wachezaji mia nne na hamsini hivi, na wengi wao wanaishi kwa kazi ya namna hiyo. Wanaheshimiwa kwa sababu hawakuchaguliwa wa pili. Angechaguliwa wa 37 kama Blair, msimu ule wa Oklahoma tungeuita mafanikio.

Mwaka uliofuata Thunder wakamchukua Steven Adams wa New Zealand, naye mtu wa katikati, dakika zikapungua, na mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa. Jumla yake ni mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Hapa mtu atanikatiza. Ataniambia: mbona Dikembe Mutombo naye alichelewa kuanza, mbona Hakeem Olajuwon naye? Swali la haki. Mutombo alitoka Kinshasa akaenda Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, na kikapu alikuwa amekijua ukubwani. Akacheza NBA misimu 18, akatwaa tuzo ya mlinzi bora mara nne, akajenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Mungu amrehemu, alifariki Septemba 2024. Lakini tazama kalenda. Mutombo alipoingia NBA mwaka 1991 alikuwa na miaka 25, amekaa Georgetown miaka minne mikononi mwa John Thompson, ambaye naye alikuwa mtu wa katikati enzi za uchezaji wake. Akaenda Denver, timu dhaifu, iliyompa dakika zote alizotaka. Olajuwon alifika Houston kutoka Lagos mwaka 1980, na majira ya kiangazi alikuwa akifanya mazoezi na Moses Malone, mmoja wa watu wa katikati bora kuwahi kutokea. Wote wawili walipewa muda, walimu wa nafasi yao, na zama zilizowahitaji. Hasheem aliingia ligi mwaka ule ule ambao Mutombo aliumia goti na kustaafu, 2009, na zama zilikuwa zinageuka: mitupo ya mbali inakuja, mrefu wa kusimama chini ya kikapu anaanza kuonekana wa zamani. Na Curry, yule wa saba, ndiye aliyeimalizia kazi hiyo.

Baada ya 2015 Hasheem alinyamaza karibu miaka miwili. Kuna wachezaji wengi ambao hapo ndipo habari yao inapoisha, na wengine huisha vibaya. Yeye akaenda Japani. Msimu wa 2017-18 alivaa jezi ya Yokohama B-Corsairs. Akarudi ligi ya chini Marekani, timu ya Fort Wayne, akiwa na miaka 32, akilala hoteli za kawaida na vijana waliozaliwa yeye akiwa shule ya msingi. Mwaka 2020 akaenda Taiwan, timu ya Hsinchu, msimu wa kwanza wa ligi mpya iitwayo P. League+, na kule mashabiki wakamwona Hasheem yule wa Connecticut: katikati, mikono juu, mitupo inapanguliwa. Alikuwa anaelekea miaka 34. Kisha akarudi nyumbani, akavaa jezi ya timu ya Dar City.

Ndiyo maana nasema mchezo ulikuwa ukikimbia kuufikia urefu, na kwa maoni yangu uliufikia, ila uliufikia Asia, wakati kamera za Marekani zimeshaondoka. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 anahitaji miaka 15 mingine. Alijipa mwenyewe miaka hiyo, bila mtu kumshangilia, na mimi humheshimu zaidi kwa Hsinchu kuliko kwa ule usiku wa New York.

Sasa tujitazame sisi. Tangu 2009, kila mtoto mrefu Dar es Salaam anapopita barabarani anaitwa Hasheem. Ni jina zuri kuitwa. Lakini tumeendelea na kosa lile lile la kusubiri urefu uonekane ndipo tumtafute mwalimu. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, mtu anayezungumza Kiswahili kama mimi na wewe, alipitia klabu ya Fuenlabrada ya Hispania kabla ya kuchaguliwa wa saba mwaka 2011, na amedumu NBA zaidi ya muongo mmoja. Amedumu kwa ulinzi na ribaundi, mambo yale yale Hasheem aliyoyaweza. Tofauti ni kwamba alipata mahali pa kucheza na watu wazima kabla ya Marekani. Leo mahali hapo pako karibu zaidi. Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilianza Kigali Mei 2021, na Kigali si mbali na Mwanza wala Bukoba. Njia ya kijana wetu kupata mechi ngumu kabla hajapanda ndege kubwa sasa ipo, ilimradi akifika huko miguu yake iwe imeshafundishwa.

Na mwalimu wa miguu hiyo tunaye. Kuna mambo ya ufundi anayoyajua Hasheem ambayo sidhani kama kuna mtu mwingine nchini anayeyajua kwa mwili wake: namna ya kungoja mtupaji aruke kwanza ndipo uruke wewe, namna ya kuweka mkono wima ili mwamuzi asipulize, namna ya kuupangua mpira taratibu kuelekea kwa mwenzako badala ya kuupiga nje kwa kishindo ili watu washangilie, namna ya kuhesabu sekunde tatu kichwani huku macho yako yakiwa kwa watu wawili. Zaidi ya hayo anajua benchi lilivyo, anajua simu ya kuambiwa umehamishwa inavyoingia, anajua uwanja wa ndege wa mji wa baridi saa kumi na moja alfajiri.

Ombi langu kwa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, kwa klabu za mkoa, na kwa walimu wa michezo wa shule za msingi, ni kwamba mkae naye. Msimwite kupiga picha na kukata utepe. Mpeni watoto wa miaka minane na tisa, warefu kwa wafupi, mara moja kwa wiki, kwenye uwanja wenye kivuli na mipira ya kutosha, na kocha wa kudumu wa kuyaendeleza aliyoyafundisha siku nyingine za wiki. Gharama yake ni mipira, maji, nauli za watoto, na posho ya kocha huyo. Kama unaisikiliza redio hii na una uwanja, au una lori la kokoto, au una mabati ya kuezekea, andika barua kwa uongozi wa kikapu wa mkoa wako kesho asubuhi.